Shajara ya mradi: kituo cha kuchaji magari ya umeme kwa ruzuku ya NEVI

## Oktoba 2023: tunachojaribu

Mimi na shemeji yangu tuna kituo cha mafuta chenye duka dogo, jirani na njia ya kutokea barabara kuu ya Interstate, huku Marekani. Jimbo sitalitaja, maana kabla hatujamaliza nitakuwa nimeshamlalamikia mtu. Shajara hii ni ya wenzetu wanaoendesha vituo kama hiki, ambao kila tukikutana swali ni lilelile: hizo fedha za serikali za kuchaji magari zipo kweli, au ni maneno ya redioni?

Zipo. Sheria ya miundombinu iliyotiwa saini tarehe 15 Novemba 2021 ilitenga dola bilioni 5 kwa mpango wa NEVI wa vituo vya kuchaji magari ya umeme, zigawiwe majimbo katika miaka ya bajeti 2022 hadi 2026. Usitegemee hundi kutoka Washington. Idara ya usafirishaji ya jimbo ndiyo inayopokea fedha, kutangaza maeneo yenye uhitaji, kupokea maombi na kuyapa alama. Ukipita, fedha za shirikisho zinabeba hadi 80% ya gharama zinazokubalika, na 20% unaitafuta mwenyewe pasipo kugusa fedha nyingine za shirikisho.

Masharti ya ujenzi yamo kwenye kanuni ya shirikisho ya 23 CFR 680, iliyoanza kutumika Machi 2023. Yanayoamua kama uendelee kusoma au ufunge kompyuta ni haya: poti (sehemu za kuchomekea gari) zisizopungua nne, kila moja itoe kilowati 150 hata zote nne zikiwa na magari, plagi ya CCS (aina mojawapo ya plagi za kuchaji haraka) kwenye kila poti, kituo kiwe wazi saa 24, mteja alipe kwa kadi bila kulazimishwa kujiunga na chochote, na bei ya kila kilowati-saa aione kabla hajaanza. Kisha mwongozo wa mpango unataka kituo kisizidi maili 1 kutoka njia ya kutokea, na kati ya kituo na kituo pasizidi maili 50. Hili la mwisho ndilo lililotupa nafasi. Kwenye ramani ya jimbo, kipande chetu cha barabara ni pengo tupu.

Makadirio yetu ni dola 960,000. Mashine nne za kilowati 180 zinachukua 384,000; mitaro, zege na kazi ya umeme 214,000; kuunganishwa na kampuni ya umeme 118,000; paneli kuu na swichi zake 92,000; michoro, vibali na mambo ya mazingira 46,000. Zinazobaki, 106,000, ni fungu la kuendesha na kutengeneza, kwa sababu ukipokea fedha hizi unajifunga kukiweka kituo hai angalau miaka mitano. Sehemu yetu ya 20% ni 192,000. Kwenye karatasi inabebeka.

## Novemba 2023: umeme kabla ya mashine

Wauza mashine wanapiga simu mpaka kero. Kampuni ya umeme haipigi, na ndiyo yenye mradi mkononi.

Mashine nne za kilowati 180 ni kilowati 720. Kwa volti 480 za fezi tatu hiyo ni kama ampea 870, na kwa kuwa kuchaji gari huhesabiwa kuwa mzigo wa mfululizo, kanuni za umeme zinataka uongeze 25%. Unafika karibu 1,080, kwa hiyo paneli ni ya ampea 1,200 na transfoma ya kVA 1,000. Duka letu lote, pamoja na majokofu na pampu za mafuta, linajitosheleza kwa ampea 400.

Jibu la kampuni ya umeme: laini inayopita mbele yetu inaumudu mzigo huo, ila transfoma ya ukubwa huo haipo ghalani na foleni yake ni ndefu. Wameahidi kutuandikia barua kuhusu laini. Tarehe ya transfoma hawataki kuiandika popote.

## Januari 2024: ombi limeingia

Ukurasa kwa ukurasa siusimulii, ni fomu kama fomu nyingine. Kasoro moja tu. Jimbo linataka namba ya UEI, ya kuitambulisha biashara kwa serikali ya shirikisho, iliyochukua nafasi ya DUNS mwezi Aprili 2022. Kuipata ni bure, kwa hiyo anayekutoza ni dalali. Usajili wetu ulikwama kwa sababu jina la biashara kwenye kumbukumbu za kodi lina koma kabla ya LLC na tulivyoliandika halina. Linganisheni herufi kwa herufi kabla ya kubonyeza, maana kurekebisha kunakula wiki.

Mwezi uliopita kituo cha kwanza nchini kilichojengwa kwa fedha za NEVI kilifunguliwa karibu na London, Ohio, kando ya I-70. Ni zaidi ya miaka miwili tangu sheria itiwe saini. Mnaodhani tumechelewa, pigeni hesabu hiyo.

## Aprili 2024: tumewekwa akiba

Hatukupata. Tupo wa pili kwa eneo letu, kwenye orodha ya akiba.

Tuliomba karatasi ya alama, na nawashauri muiombe hata mkishinda. Alama zimepotea sehemu mbili. Ya kwanza ni ile barua ya kampuni ya umeme isiyo na tarehe. Wakaguzi wa ombi wameisoma kama ahadi hewa, na siwalaumu.

Ya pili ni plagi. Kanuni inadai CCS, nasi tuliweka CCS peke yake. Lakini Mei 2023 Ford ilitangaza kuhamia plagi ya Tesla, General Motors ikafuata Juni, na Desemba 2023 chama cha wahandisi SAE kikaichapisha kama kiwango kwa jina la J3400. Kanuni haikatazi kuongeza plagi nyingine maadamu CCS ipo. Mshindi aliongeza J3400 kwenye mashine mbili akapata alama za kujiandaa kwa miaka ijayo. Muuza mashine wetu amekubali kuongeza nyaya mbili za J3400 ndani ya bei ileile, jambo linalonifanya nijiulize bei ile ilikuwa na hewa kiasi gani.

## Juni 2024: aliyetutangulia amejitoa

Idara imeandika kwamba mshindi ameachia nafasi, nasi tumepandishwa. Sababu hawakusema. Nikiutazama mkataba waliotutumia, nadhani naijua.

## Julai 2024: mkataba, na tarehe za malipo

Hapa msiruke mstari.

Ruzuku hii ni marejesho. Unalipa, unathibitisha kwamba umelipa, unasubiri, ndipo unarudishiwa 80%. Mwenye mradi wa dola laki tisa na ushei anatakiwa awe na uwezo wa kulipa karibu zote kwanza. Sisi tumechukua mkopo wa muda mfupi benki, na riba yake jimbo letu halikuikubali kuwa gharama ya mradi.

Pia malipo yoyote yaliyofanyika kabla ya barua ya ruhusa ya kuanza hayarudishwi, na hayahesabiki hata kwenye ile 20% yetu. Barua hiyo haitoki mpaka ukaguzi wa mazingira uishe, na makadirio yao ni Oktoba.

Sasa angalieni mtego. Kampuni ya umeme haiagizi transfoma bila amana ya 30%, yaani dola 35,400. Tukisubiri barua, tunaingia kwenye foleni ya transfoma Oktoba. Tukilipa leo, tunaingia leo, lakini dola 28,320 ambazo serikali ingerudisha zinapotea. Shemeji alitaka tusubiri. Nikamwonyesha riba ya mkopo kwa kila mwezi ambao mashine zitakaa bila umeme, akanyamaza. Tumelipa.

Kama kampuni yenu ya umeme inakubali barua ya ahadi ya benki badala ya amana, chukueni hiyo. Yetu ilikataa.

Jambo jingine la mwezi huu ni asili ya mashine. Sheria inataka vifaa vitengenezwe Marekani. Idara ya barabara kuu ya shirikisho ilitoa nafuu mwaka 2023: kuunganishwa kwa mwisho kufanyike nchini, na kasha la chuma liwe la hapa. Kwa mashine zilizotengenezwa kuanzia 1 Julai 2024, masharti yameongezeka: vijenzi vya nchini vizidi 55% ya gharama ya vijenzi vyote. Cheti alichotupa muuza mashine kilikuwa cha kipindi cha kwanza, wakati mashine zetu hazijaanza hata kuundwa. Tumekataa kusaini oda mpaka alete cheti chenye neno 55% na namba ya modeli yetu. Amekileta baada ya kuvutana, na ni kwa modeli tofauti kidogo na ile iliyokuwa kwenye ombi, kwa hiyo tumeandika barua ya kubadilisha modeli. Msikubali cheti cha jumla cha kiwanda.

## Oktoba 2024: ruhusa imetoka, mchoro umehama

Barua ya ruhusa iko mkononi. Nimeitundika ukutani juu ya meza ya hesabu ili kila anayetaka kulipa kitu aione tarehe.

Mchoro wa kwanza uliweka mashine karibu na paa la pampu, ambako lami ni nzuri. Mkaguzi ameufuta kwa kalamu. Futi 20 kuzunguka kila pampu ya mafuta, kuanzia ardhini hadi inchi 18 juu, ni eneo la mvuke unaoweza kuwaka, na vifaa vya kawaida vya umeme havikai humo. Tumehamia upande wa mashariki, nyuma ya duka. Hasara ni mtaro mrefu zaidi. Faida ni kwamba gari lenye tela litaweza kusimama bila kuziba pampu, jambo ambalo mchoro wa kwanza haukulifikiria.

Fundi umeme wetu, mwenye leseni na uzoefu wa miaka, hakuwa na cheti cha EVITP, mafunzo ya kufunga mashine za kuchaji magari, kinachodaiwa na kanuni. Amesoma kozi hiyo mtandaoni na kufanya mtihani. Anasema aliyoyajua yalikuwa mengi kuliko mapya, lakini bila karatasi hiyo kazi yake isingelipwa.

## Novemba 2024: dizeli kwenye mtaro

Njia mpya ya mtaro imepita mahali palipokuwa na tangi la zamani la dizeli, ambalo mwenye kituo aliyetutangulia aliling'oa. Kijiko cha mashine kilipofika kama futi tatu chini, udongo ukaacha ukahawia ukawa wa kijivu, wa kung'aa kidogo. Shemeji akaokota bonge, akalivunja kwa kidole gumba, akanusa. Akaniletea dukani likiwa limefungwa kwa karatasi ya risiti.

"Shemeji, nusa hii, kisha uzime hiyo kompyuta."

Sheria inataka utoe taarifa, na tumetoa siku hiyohiyo. Kuanzia hapo unalipa kila kitu kwa mpigo: sampuli za maabara, lori lenye kibali, jalala linalopokea udongo wenye mafuta, na mtaalamu wa kusimama pale akiandika. Dola 31,000. Mradi haubebi hata senti, kwa kuwa uchafu ulikuwepo kabla ya mradi, na kwa haki ndivyo ilivyo.

Suluhisho halikuwa kuchimba mpaka uchafu uishe, hiyo ingetumaliza. Tuliondoa udongo uliokwisha kufunguliwa, tukafukia, na mtaro ukazungushwa upande wa pili wa duka kwa nyaya ndefu zaidi, ambazo mkandarasi alizibeba kwenye akiba yake. Wakati wa kuzungusha, fundi akalaza bomba moja tupu la ziada sambamba na mabomba ya nyaya. Nilimuuliza la nini. Akasema bomba ni rahisi kuliko kuchimba tena.

Wenye vituo vya mafuta: ofisi ya mazingira ya jimbo huwa na faili la kila tangi lililosajiliwa, pamoja na taarifa ya kufungwa kwake. Liombeni kabla ya kuchora mstari wowote. Letu lilionyesha mahali hasa pa tangi lile, ila mchoraji aliupanga mtaro kwa kufuata lami.

## Januari 2025

Ardhi imeganda. Mashine zimefika na zimefunikwa ghalani. Transfoma haina habari.

## Februari 2025: barua kutoka Washington

Tarehe 6 Februari idara ya barabara kuu ya shirikisho imeziandikia idara za majimbo. Mwongozo wa NEVI umefutwa, mipango ya majimbo iliyokwisha kupitishwa imesimamishwa kwa miaka yote ya bajeti, na hakuna fedha mpya itakayofungiwa mradi, yaani kutengwa rasmi kwa mradi fulani, mpaka mwongozo mwingine utoke.

Asubuhi yake benki ikatupigia. Awamu ya pili ya mkopo, ya kulipia paneli na zege, wameizuia. Afisa alikuwa amesoma vichwa vya habari, na vichwa vya habari vilisema fedha zimezuiwa.

Barua yenyewe inasema zaidi ya hapo. Marejesho ya fedha ambazo tayari zilikwisha kufungiwa miradi yanaendelea, ili ahadi zilizopo zisivurugike. Zetu zilifungwa mwaka jana. Lakini benki haiwezi kukuamini wewe unayeidai, inataka karatasi kutoka kwa anayelipa. Tukaiomba idara ya jimbo barua fupi yenye mambo matatu: namba ya mradi, tarehe ambayo fedha zilifungwa, na aya ile ya marejesho iliyonukuliwa neno kwa neno. Ilichukua wiki kadhaa kwa sababu wanasheria wao waliogopa kuandika chochote. Mkandarasi akahamishia watu kazi nyingine, na kuwarudisha ikawa kazi.

Siasa zake kila mtu na mtazamo wake. Kwa mwenye mradi, kitu cha kushika ni tarehe fedha zilipofungwa. Jirani yetu wa njia ya kutokea ya mbele alikuwa amepewa barua ya ushindi lakini mkataba haujasainiwa, na mradi wake umekufa palepale. Kati yake na sisi hakuna tofauti nyingine.

## Aprili 2025: inchi sita

Mashine zilipoletwa kusimamishwa, mkaguzi alitoa futi kamba kabla hata ya salamu. Skrini na kisoma kadi visizidi inchi 48 kutoka ardhini, ili mtu aliye kwenye kiti cha magurudumu avifikie. Mkandarasi alimwaga zege la msingi lililoinuka inchi sita, kama afanyavyo kwenye pampu za mafuta, wakati mchoro ulionyesha msingi ulio sawa na ardhi. Juu yake skrini ingefika inchi 52.

Ikabidi kuvunja misingi yote minne na kumwaga upya, kwa gharama ya mkandarasi. Nafasi ya gari la mlemavu tumeiacha na upana wa futi 11, urefu wa futi 20 na njia ya pembeni ya futi 5, kama bodi ya shirikisho ya masuala ya ufikivu inavyopendekeza. Nguzo za kuzuia magari zimesogezwa pia, kwani zilisimama pale ambapo kiti kingetakiwa kupita.

## Mei 2025: dai la kwanza limerudishwa

Dai la marejesho la kwanza limerudi bila kulipwa. Sababu ni orodha za mishahara.

Fedha hizi zinakuja na sheria ya Davis-Bacon: wafanyakazi walipwe viwango vilivyotangazwa na Wizara ya Kazi kwa kaunti yako, walipwe kila wiki, na mwajiri awasilishe orodha iliyothibitishwa, kwa kawaida kwa fomu ya WH-347. Mkandarasi mdogo wa mitaro alilipa kila baada ya wiki mbili, kama alivyozoea, tena vijana waliokuwa wakivuta nyaya kwenye mabomba aliwaandika vibarua. Kuvuta nyaya ni kazi ya fundi umeme na ina kiwango chake. Amelipa tofauti ya mishahara, dola 4,300, akajaza fomu upya wiki baada ya wiki. Baada ya hapo nilikataa kupokea ankara yake yoyote isiyoambatana na orodha ya wiki husika. Alinuna, lakini dai la pili lilipita bila swali.

Ankara nazo ziwe na tarehe ya kazi, si tarehe ya kuandikwa tu. Mhakiki anatafuta kama kazi ilifanyika kabla ya barua ya ruhusa, na asipoona tarehe anadhani ilifanyika kabla.

Wakati huohuo, majimbo kadhaa yamefungua kesi dhidi ya uamuzi wa Februari.

## Agosti 2025: transfoma

Imefika, zaidi ya mwaka tangu tulipe amana. Kama tungesubiri barua ya Oktoba, leo tungekuwa bado tunaitazama barabara. Shemeji hajasema kitu, ila amenunulia mafundi wa kampuni ya umeme chakula cha mchana, naye si mtu wa kununulia watu chakula.

Kwenye upande wa fedha: 24 Juni Jaji Tana Lin wa mahakama ya shirikisho jimboni Washington aliamuru fedha zifunguliwe kwa majimbo 14 kati ya yaliyoshitaki, na 11 Agosti wizara ya usafirishaji ya shirikisho imetoa mwongozo mpya wa muda. Majimbo yamepewa uhuru zaidi wa kupanga umbali kati ya vituo. Kanuni ya 23 CFR 680 haijaguswa, kwa hiyo poti nne, kilowati 150 na masharti mengine ya mashine yako palepale. Anayeanza leo asome mwongozo mpya wa jimbo lake, asinakili tarehe zangu.

## Oktoba 2025: tumewasha

Jaribio la kupokea kituo linataka magari manne yavute umeme kwa pamoja. Tulikopa kwa marafiki na wateja. Gari dogo lenye betri iliyojaa nusu halifai, maana lenyewe halivuti kilowati 150 na mkaguzi hawezi kujua kama anayezuia ni gari au mashine. Mkandarasi akaleta kifaa cha kuiga mzigo wa gari, na poti zote zikapita.

Kisha likaja tatizo ambalo hakuna aliyelichora. Usiku mashine mbili zilipotea hewani, zikarudi asubuhi. Zilikuwa zikiwasiliana kwa modemu za simu, na ukuta wa bati wa chumba cha baridi cha duka uko kati yao na mnara. Mchana ziliponea chupuchupu, usiku mtandao ukibadilika kidogo zikakatika.

Mtu anaweza kusema mteja bado anachaji, kuna ubaya gani. Ubaya ni hesabu ya 97%. Kila poti inatakiwa iwe hai zaidi ya 97% ya dakika 525,600 za mwaka, na hai maana yake ni mashine na programu yake vyote viko hewani na vinatumika. Asilimia 3 ni dakika 15,768, haifiki siku 11. Umeme ukikatika kwa upande wa kampuni, au mtu akiharibu mashine kusudi, dakika hizo hazihesabiwi. Modemu dhaifu inahesabiwa. Kwa mwendo ule tungemaliza mgao wa mwaka kabla ya sikukuu.

Lile bomba tupu la fundi ndilo lililotutoa. Tumepitisha waya wa faiba kutoka duka hadi mashine, modemu za simu zimebaki za dharura. Dola 1,900 kutoka fungu la matengenezo, bila kuchimba hata koleo moja. Wekeni bomba tupu.

## Desemba 2025: hesabu ya ujenzi

Nje ya fungu la kuendesha, tumetumia dola 923,500: ujenzi 854,000 kama ulivyokadiriwa, udongo 31,000, riba 38,500. Toa amana ya transfoma kwenye ujenzi, gharama zinazokubalika ni 818,600, na 80% yake ni 654,880. Jimbo linashikilia 10% ya marejesho, yaani 65,488, mpaka mwaka wa kwanza wa kazi uishe na ripoti zake zipite. Zilizobaki zimeshaingia.

Kwa hiyo sehemu yetu, hata hizo zinazoshikiliwa zikirudi zote, ni 268,620. Ile 20% imekuwa 29%. Mhasibu anashughulikia nafuu ya kodi ya 30C, ambayo kwa sheria ya 4 Julai 2025 inakoma kwa vituo vitakavyoanza kazi baada ya 30 Juni 2026. Yetu imewahi, na eneo letu linahesabiwa si la mjini, ambalo ni sharti mojawapo. Mnaojenga sasa, tarehe hiyo iko karibu kuliko transfoma.

## Januari 2026: bili ya Novemba

Nilidhani hesabu kubwa zimeisha. Bili ya kwanza ya mwezi mzima imefika.

Tuliuza kilowati-saa 9,300 kwa senti 48, yaani dola 4,464. Umeme wenyewe, kilowati-saa 9,900 zilizopita kwenye mita kwa senti 9, ni 891. Halafu kuna tozo ya kilele: kampuni inatazama dakika 15 ulizovuta umeme mwingi kuliko zote kwa mwezi, na kukutoza dola 14 kwa kila kilowati ya dakika hizo. Wikiendi ya sikukuu ya Thanksgiving magari yalijaa poti zote na kilele kikawa kilowati 412. Dola 5,768. Jumla 6,659, tumepata hasara ya 2,195 katika mwezi uliokuwa na wateja wengi.

Kupunguza nguvu za mashine magari yakijaa ndilo wazo la kwanza la kila mtu, nalo linagonga kanuni: kila poti lazima iweze kutoa kilowati 150. Betri kubwa ya kulainisha kilele inawezekana, lakini bei yake kwa sasa hatuigusi.

Kampuni yetu ya umeme ina bei maalumu kwa vituo vya kuchaji vya biashara, isiyo na tozo ya kilele kwa miaka ya mwanzo, kwa senti 19 kila kilowati-saa. Haitangazwi kwa bidii. Niliikuta ndani ya jedwali la bei lililoko kwa msimamizi wa huduma za umeme wa jimbo. Kwa Novemba hiyohiyo tungelipa 1,881. Ombi limerudishwa kwa sababu moja: mita haitakiwi kubeba kitu kingine chochote zaidi ya mashine, na taa za maegesho ziliunganishwa kwenye paneli ileile. Fundi anakuja Alhamisi kuzihamishia paneli ya duka, mkaguzi Ijumaa, na fomu nimeshaijaza upya.